Namna ya Kusimamishwa Ziwani Siku ya Mapumziko

Siku yako itafika. Utakuwa umetoka Kizuka, pwani ya Burundi ya Ziwa Tanganyika, Jumapili asubuhi, tanga limejaa, mpwa wako ameshika demani, chai iko kwenye chupa, na milima ya Ubwari ng'ambo ya Kongo imejitokeza kana kwamba ilioshwa usiku. Kisha utasikia mota. Mota ya mvuvi unaijua, ni moja na inakohoa. Hizi ni mbili, hazikohoi, na zinakuja kwako. Mpwa wako atasema, “Mjomba, wanatujia.”

Mwongozo huu ni wa saa hiyo, ila usingoje saa hiyo ndipo uusome. Ni wa watu wachache: mwalimu aliyejinunulia mashua ya tanga moja, seremala aliyeunda yake mwenyewe, familia inayoshuka kutoka Bujumbura kwa barabara ya taifa namba 3 ikiwa na boti juu ya trela. Sote tuna shida moja. Katika ziwa hili kila chombo kina kazi: kuvua ndagala, kubeba mawese, kupeleka mchele, kuvusha watu. Anayetoka majini bila kazi ni swali linaloelea. Askari wa doria kazi yake ni kuuliza, na kazi yetu ni kumrahisishia jibu, ikiwezekana kabla hajatufikia.

1. Jua maji uliyomo ni ya nani

Ukiondoka Mombasa ukaelekea mashariki siku kadhaa, utafika mahali ambapo bahari si ya nchi yoyote. Ziwa Tanganyika halina mahali hapo. Lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470, na kila tone lake lina mwenyewe: Tanzania, Kongo, Burundi au Zambia. Fungu letu Warundi ni takriban asilimia 8. Mpaka unapita katikati ya maji, hauna boya wala rangi, na upana wa ziwa hauzidi kilomita 72 hata pale linapotanuka zaidi. Mashua ya tanga yenye upepo mzuri inaweza kutoka nchi moja na kuingia nyingine kabla ya chakula cha mchana, na nahodha asiwe na habari.

Kwa hiyo usiipe pwani kisogo. Chagua alama ya nchi kavu. Kwetu ni michikichi. Ukiwa bado unautofautisha mchikichi mmoja na mwenzake, uko nyumbani. Ikigeuka kuwa mstari wa kijani, umeenda mbali. Simu ikipokea ujumbe wa kukukaribisha Kongo, legeza demani, geuza omo na urudi, hata kama upepo ni mtamu.

Jambo hili la maji kuwa na mwenyewe halikuanza na mipaka ya wakoloni. Novemba 1871 wasafiri Stanley na Livingstone walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wakapanda kaskazini kwa kuifuata pwani hii ya mashariki, ili wajue kama mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka. Wakakuta unaingia. Safari nzima ilichukua siku 28, na Stanley anaandika kuwa Livingstone aliiita pikiniki. Hata pikiniki hiyo ilidaiwa hongo na watawala wa pwani. Hongo ya siku hizo ilikuwa ushuru wa wazi, unaojadiliwa mchana kweupe mbele ya watu. Neno limebaki, maana imeoza. Siku hizi ukidaiwa malipo halali, lipa na uchukue risiti. Malipo yasiyo na risiti usiyatoe wala usiyatangulize, maana anayeyatanguliza anamfundisha askari kijana kwamba mapumziko ya watu ni mgodi, na somo hilo watalilipia wote watakaokuja nyuma yake.

2. Jua askari anaona nini akikuona

Wewe unaona tanga, maji na Jumapili. Askari anaona nukta, na nukta kama hiyo imeleta mengi katika ziwa hili.

Desemba 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walishusha majini huko Kalemie boti mbili za mota, Mimi na Toutou, zenye urefu wa mita 12 hivi, ukubwa wa boti ya matembezi. Tarehe 26 ya mwezi huo ziliiteka boti ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 nyingine, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa. Julai mwaka huo Wajerumani wakaizamisha wenyewe meli yao kubwa, Graf von Götzen, isiangukie mikononi mwa adui. Ndiyo ile iliyoibuliwa baadaye na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alivuka usiku kutoka Kigoma hadi Kibamba upande wa Kongo, na miezi iliyofuata boti za doria zilihangaika kuwakamata waliokuwa wakivuka kwa njia hiyo hiyo. Tarehe 29 Aprili 1972 mashambulizi yalianza hapa hapa Rumonge na Nyanza-Lac, kisha mauaji yakaenea nchi nzima, na ziwa likawa mlango wa kukimbilia. Januari 2018 maelfu ya Wakongo kutoka upande wa Fizi walitua pwani hii kwa mitumbwi. Februari 2025 vita vya Kivu viliwafukuza wengine maelfu kuingia Burundi, na baadhi yao walipita majini.

Ongeza ya kila siku: wezi wa mota wanaowavamia wavuvi usiku, magendo, na esansi inayovushwa kwa madumu tangu uhaba ulipotubana. Mtu aliyepewa jukumu la kuyatazama maji haya atakuwa amekosea kazi asipogeuka kuitazama mashua isiyoeleweka. Usimchukie kwa hilo. Mashua yako ni ngeni kwake kuliko yeye alivyo mgeni kwako.

3. Jifanye usomeke kwa mbali

Huu ndio moyo wa mwongozo wote. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na mapumziko nayo huundwa nchi kavu.

Shona kiraka kwenye tanga. Tanga jeupe tupu halina jina. Kiraka kikubwa cha rangi moja, chekundu au cha manjano, kitakutambulisha kutoka mbali na kitamkumbusha askari kuwa wiki iliyopita alikukagua asikute kitu. Usikibadilishe kila mwezi kwa ajili ya urembo, maana kiraka ni jina.

Andika namba ya chombo pande zote mbili za omo, kwa herufi zinazosomeka na mtu anayeyumba ndani ya boti. Kama mashua yako haijaandikishwa, anzia bandarini Rumonge siku ya kazi, ukiwa umevaa vizuri. Swali linaloulizwa ofisini hujibiwa umekaa, swali hilo hilo likiulizwa katikati ya maji hujibiwa unatetemeka.

Weka karangamuntu za wote mliomo, karatasi za chombo na za mota kama unayo, katika mfuko wa nailoni uliofungwa barabara, na mfuko huo ukae kifuani mwa nahodha. Usiuweke chini ya ubao wa tezi, kwenye ngama, mahali ambapo utalazimika kuinama na kupekua huku watu wenye silaha wanakutazama mgongo.

Aga mwaloni. Mwambie mtu mzima mmoja, anayejulikana: tunatoka saa 2, tunaelekea Minago, tunarudi saa 9 alasiri, tuko wawili. Ukichelewa, huyo ndiye atakayetoa taarifa. Na doria ikipita mwaloni kuuliza ile mashua yenye kiraka ni ya nani, jibu litakuwa limekutangulia.

Vaeni jile za kuokoa maisha, ninyi nyote, tangu mnapotoka. Mbali na kukuweka hai, jile inasema kitu: mtu anayeogopa kuzama kwa kawaida amepanga kurudi nyumbani.

4. Jifunze kusimama

Mwenye mota akiambiwa simama, anazima mota. Mwenye tanga hana swichi, na askari wengi hawajawahi kushika usukani wa mashua ya tanga. Hapa ndipo hatari ya kweli ilipo.

Mara yangu ya kwanza nilikuwa narudi kutoka Minago mwezi Julai, upepo wa kusini wa kiangazi ukinipiga usoni. Upepo wa omo hauna njia nyingine ila kubisha: unakwenda huku kidogo, unageuza, unakwenda kule kidogo. Boti ya doria ilikuwa ikija nyuma yangu. Nikafika mwisho wa mkondo wangu nikageuza, kama kawaida. Wao wakaona mtu ameiona doria akakata kona. Wakapiga filimbi. Nikageuza tena, maana pwani ilikuwa karibu. Wao wakaona mtu amekata kona ya pili. Waliponifikia, vidole vilikuwa mahali ambapo havipaswi kuwa. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimewasikia na nikaendelea kuupigia hesabu upepo, huku mpwa wangu wa miaka 12 akiwa mbele yangu. Tangu siku hiyo nafanya hivi, na nakusihi ufanye hivi.

Ukiona doria imekuelekea, hata kabla haijakuita, acha kubisha. Elekeza omo kwenye upepo, legeza demani, kisha tua tanga lote. Tanga linaloshuka ni lugha inayoeleweka na kila mtu majini. Wakati linashuka, mmoja wenu ainue mkono mmoja na kuuacha juu, kiganja wazi. Usipunge mikono yote miwili juu na chini polepole, kwa sababu hiyo ni ishara ya kimataifa ya kuomba msaada, na utakuwa umesema uongo bila kujua.

Kaeni chini. Mashua ndogo ikijaa watu waliosimama, wimbi la boti ya doria litaipindua. Usiruke majini kwa hofu. Pwani hii ina viboko na mamba, na si bure kwamba jina la Gustave, yule mamba mkubwa, lilivuma kutoka Ruzizi hadi Rumonge. Ning'iniza tairi kuukuu ubavuni, upande usiopigwa na upepo, ili boti yao ikusogelee bila kukuvunja mbao. Askari akiona umemwandalia mahali pa kufungia, nusu ya ukaguzi imekwisha.

Ukisafiri nje ya ziwa, jua pia bendera ya miraba minne, miwili ya manjano na miwili nyeusi. Maana yake ni simamisha chombo mara moja. Na ukumbuke kuwa kanuni za kimataifa za 1972 za kuzuia kugongana, zile zinazomtaka mwenye mota ampishe mwenye tanga, hazihusu ukaguzi. Usizisome kwa sauti mbele ya bunduki.

5. Jibu kama mtu aliyeulizwa

Salimia wewe kwanza. Kirundi kitangulie, Kiswahili kifuate, Kifaransa kikihitajika kitajitokeza chenyewe.

“Mwaramutse, afande. Poleni na kazi.”

“Mwaramutse. Mnatoka wapi?”

“Kizuka, afande. Tumetoka saa 2.”

“Mnakwenda wapi?”

“Karibu na Minago, kisha tunarudi. Saa 9 tutakuwa mwaloni.”

“Nyavu ziko wapi?”

“Hatuvui, afande. Tuna chai, mkate, makafi mawili na ndoo ya kutekea maji.”

“Sasa mnafanya nini?”

Hili ndilo swali lenyewe. Usijibu kwamba unaenda unakopelekwa na upepo. Ni kweli, lakini aliyevuka kwa magendo naye hudai kapelekwa na upepo. Usijibu “hakuna,” maana hakuna anayeamka alfajiri, akasukuma mashua mchangani, akalowana hadi kiunoni, kwa ajili ya hakuna. Sema: “Tunapumzika, afande. Wiki nzima nafundisha, Jumapili nasafiri na tanga.” Kisha nyamaza. Neno kupumzika lina heshima yake na halihitaji msamaha. Askari naye anapumzika, anajua utamu wake, na ukilisema bila kuona haya atalisikia bila kulitilia shaka.

Wakitaka kupekua, fungua wewe mwenyewe, polepole, ukisema unachofungua. Usitoe simu kuwapiga picha. Ukiona umeonewa, kumbuka saa, mahali na namba ya boti, upeleke malalamiko yako ofisini Jumatatu. Katikati ya ziwa si mahakama, na hakuna aliyewahi kushinda kesi ndani ya mashua.

6. Vya kuacha nyumbani, na miezi ya kuangalia

Acha madumu ya ziada. Dumu moja dogo la mota ya akiba linaelezeka, matano hayaelezeki. Acha nguo za mabaka, hata kama ni zawadi kutoka Ulaya. Acha droni. Acha vifurushi vya watu wanaokuomba umfikishie shangazi Nyanza-Lac kitu ambacho hujakiona ndani.

Na katika miezi ya kufunga uvuvi, acha hata ndoano. Nchi nne za ziwa zimekubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili ndagala na mukeke wapate nafasi ya kuzaliana na kukua. Angalia kalenda: hiyo ndiyo miezi ya kiangazi, miezi yenye upepo mzuri kuliko yote. Mwenye tanga anaweza kulikuta ziwa karibu lote ni lake. Lakini mvuvi wa Kizuka amekaa nchi kavu miezi mitatu bila kipato, na doria haina mitumbwi mamia ya kuitazama. Ina wewe. Tuendeni wakati huo kwa adabu mara mbili: tukiwa na mashua tupu inayokaguliwa kwa dakika moja, na bila kupiga kelele za furaha mbele ya mwalo uliofunga.

7. Jua likizama, uwe nchi kavu

Usiku ziwa ni la kazi. Wavuvi wa ndagala wametoka na taa zao, na mbali unaona kama mji umejengwa juu ya maji. Katikati ya taa hizo, mashua isiyo na taa ni mwizi hadi ithibitike vinginevyo, na mvuvi aliyekwisha kuibiwa mota hangoji uthibitisho. Shwari ikikukamata jioni, usilale ukingoja upepo. Tua tanga, washa taa nyeupe inayoonekana pande zote, shika kafi, elekea pwani iliyo karibu hata kama siyo yenu, na umpigie simu yule uliyemuaga.

8. Kwa anayedhani haya ni ya ziwani tu

Novemba 2009 mashua ya mashindano iitwayo Kingdom of Bahrain ilikuwa ikitoka Bahrain kwenda Dubai, ikiwa na Waingereza watano wanaokwenda kushindana kwa tanga hadi Muscat. Ikakamatwa na wanamaji wa Iran baada ya kusemekana imeingia maji yao, na watu wale wakashikiliwa kwa wiki moja hivi. Hata Ghuba, penye vyombo vya kila aina, mstari usioonekana ni mstari.

Aprili mwaka huo huo mashua ya Kifaransa Tanit, yenye familia na mtoto mdogo, ilikuwa njiani kuelekea Zanzibar. Manowari ya Ufaransa, Floréal, ilikuwa imeionya kuhusu maharamia wa Kisomali. Ikaendelea, ikatekwa, na makomando walipokwenda kuikomboa, baba wa familia akafa. Sisimulii ili kumhukumu marehemu. Nasimulia kwa sababu sisi wenye matanga huwa tunasikia sauti ya serikali majini kama kelele inayotuharibia siku. Mara nyingine sauti hiyo inajua jambo tusilolijua. Doria ikikwambia leo usiende upande wa Ubwari, usiulize kwa nini. Geuza, na ushukuru.

9. Maneno machache kwa mwenye mota mbili

Afande, mwongozo huu una upande wako pia. Punguza mwendo mita mia kabla ya kutufikia, kwa maana wimbi lako ni dogo kwako na ni ukuta kwetu. Tuite kwanza, kisha utupe muda wa kutua tanga. Dakika mbili zinatosha. Ukituona tunakwenda huku na kule, angalia upepo unatoka wapi kabla hujaamua tunakimbia. Turudishie karatasi zikiwa kavu. Na mbele ya watoto wetu sema neno moja jema, kwa sababu Jumatatu watasimulia shuleni, na nusu ya darasa ni watoto wa wavuvi.

Nasema haya kwa kuwa nataka ziwa hili lizoee watu wanaopumzika. Kwa miaka mingi mno maji haya yamekuwa barabara ya wenye njaa, wenye silaha na wanaokimbia. Mtoto wa Kizuka anastahili kujua kuwa ziwa linaweza pia kuwa mahali pa kwenda bila sababu nyingine, na akarudi saa 9 akiwa amechoka vizuri. Hilo halitatokea sisi tukijificha, wala ninyi mkituona wote kuwa wahalifu.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunabisha karibu na pwani, upepo wa omo kama siku ile ya kwanza. Mpwa wangu, ambaye sasa ndiye anayeshika usukani, akasikia mota. Akaanza kuelekeza omo kwenye upepo, mkono tayari kwenye kamba ya tanga. Boti ilikuja hadi mahali ambapo kiraka chekundu kinasomeka. Hapo ikapunguza mwendo, wimbi lake likalala, na mtu mmoja akainua mkono, kiganja wazi. Kisha wakakata upande, wakazunguka mbali nasi, wakashika njia yao.

“Mjomba,” akasema mpwa wangu, “nitue?”

“Hapana,” nikamwambia. “Endelea kubisha.”